Mgongo wa Ishara

Kanuni za shirika la reli, ambazo kila mwajiriwa alikabidhiwa siku ya kwanza pamoja na filimbi na kofia, zinatamka bila kumung'unya maneno kwamba treni ikishakuwa tayari kwa safari, iko chini ya mamlaka ya gadi. Dereva ni mwendeshaji tu. Gadi ndiye msimamizi wa treni yote, kuanzia kichwa hadi mkia, na pasipo idhini yake hakuna gurudumu litakaloviringika. Kanuni hazielezi kwa nini mkubwa huyo amewekwa kwenye behewa la mwisho, nyuma ya vifurushi, kuku na majeneza, mahali ambapo hata muuza karanga hafiki. Yamkini walioandika waliona haina haja. Ukubwa ni jalala, walisema wahenga, na jalala huwekwa nyuma ya nyumba.

Mtu ninayemsimulia hapa alikuwa gadi maisha yake yote ya kazi. Mtaani kwetu anaitwa Dereva.

Hakuwahi kusema uongo. Jambo hili lafaa kuwekwa wazi mapema, maana mwenyewe alilishikilia kama mtu aliyetumbukia kisimani anavyoshikilia kamba. Alipoajiriwa, mama yake alikwenda kwa shoga zake akawaambia mwanawe amepata kazi kwenye treni. Shoga mmoja akataka kujua kama ndiye anayeiendesha. Mama, ambaye alikuwa hajapanda treni na hakujua kwamba ndani yake kuna kazi ya pili, akajibu: kwani atafanya nini kingine humo? Kijana aliporudi na sare yake mpya, alikuta ameshapandishwa cheo, au kwa mujibu wa kanuni ameshashushwa, na hakuwa na moyo wa kumwaibisha mzazi mbele ya shoga zake. Akasema asante kwa pongezi. Ndiyo yote aliyosema.

Alipokwenda kuposa, baba wa mchumba, fundi viatu aliyezoea kumpima mtu kuanzia miguuni, alimuuliza kama kweli ndiye anayeiendesha hiyo treni. Gadi akajibu: "Mzee, treni haiondoki mpaka niseme mimi." Mzee akaridhika. Mchumba, aliyekuwa nyuma ya mlango na sinia la chai, akaridhika zaidi. Na kweli treni haikuwa ikiondoka mpaka aseme yeye. Mtu aliyeajiriwa na kanuni ana haki ya kujificha nyuma yake.

Shida ya maneno ya kweli ni kwamba yanahitaji kutunzwa kuliko uongo. Nyumba ilikuwa mbali na stesheni, na yeye alihakikisha inabaki mbali. Safari za familia zilifanyika kwa basi, kwa kisingizio kwamba mpishi hali chakula chake. Sare zilifuliwa, zikapigwa pasi na mke aliyekuwa fundi cherehani na mwenye fahari ya kushona vifungo vyake. Watoto walikua wakijua baba anaendesha. Lakini aliyejua kuliko wote alikuwa kitinda mimba wake, binti.

Shule ya binti ilikuwa kando ya geti la reli, pale barabara inapokata njia. Treni ya mchana ilipokaribia, mlinzi alifunga geti na watoto wakasimama nyuma yake kusubiri. Binti alisimama mbele ya wenzake akapunga mkono kichwa cha treni kilipopita, naye dereva, mtu mwema ambaye hakumjua wala hakuwa na sababu ya kumjua, akapunga wake. Kisha yakapita mabehewa, mengi, marefu, yenye mavumbi. Behewa la mwisho lilipofika getini, na Gadi amesimama kwenye kibaraza chake kidogo, binti alikuwa ameshageuka anarudi darasani. Gadi aliuona mkoba mgongoni mwake na shingo nyembamba, vikipungua, vikipungua, mpaka vikawa nukta.

Jioni binti alimrukia. Baba, leo umenipungia mkono. Wenzangu wote wameona.

"Nilikuona," alisema baba.

Hiyo nayo ilikuwa kweli. Usiku wake hakumaliza chakula, na mke akampa dawa ya tumbo.

Alipostaafu, reli ilihamia nyumbani. Binti, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye kazi hospitalini, alipita kwenye soko la mitumba akakuta seti ya treni ya kuchezea: kichwa kinachotumia betri, mabehewa mawili, na reli za plastiki zinazotosha kuzunguka sinia. Akaileta kwa baba yake. Akamwambia dereva asikae bila treni, atazeeka vibaya. Baba aliishika ile treni mikononi kwa muda mrefu. Wote walidhani ni furaha, na kwa sehemu ilikuwa furaha.

Tatizo lilikuwa nafasi. Nyumba ilikuwa na sebule, vyumba viwili na stoo, na stoo yenyewe ilikuwa ya upana ambao mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Humo ndani kulikuwa na pipa la maji, gunia la mkaa, marobota ya vitambaa na cherehani ya akiba. Mke alikubali reli ijengwe humo kwa sharti moja: vyake visiguswe. Mume akauliza basi ajenge wapi. Mke akamwambia ajenge hewani.

Akajenga hewani. Alipigilia rafu ya mbao kuzunguka kuta zote nne kwa kimo cha kifua, akanunua reli zaidi sokoni, vitu vya mke vikabaki chini yake kama mji uliofunikwa na barabara ya juu. Alipomaliza akagundua kwamba mlango wa stoo unafungukia ndani na kwamba sasa haufunguki, naye yumo. Mke alimpitishia bisibisi dirishani. Mlango ukang'olewa, ukaegemezwa uani, mahali pake pakawekwa pazia la maua lililobaki kwenye gauni la mteja. Reli ilikatiza kizingitini, kwa hiyo kila aingiaye ilibidi ainame apite chini ya ubao na kunyooka upande wa pili. Mke alipokuwa akifuata uzi aliinama, akasema, naomba njia, bwana mkubwa wa stesheni, akainama tena kutoka. Jirani mmoja alisema ni chumba pekee mtaani ambamo mtu huingia kwa heshima.

Alitaka kuijenga njia yake yenyewe, ile aliyoisafiri ujana hadi uzee. Njia hiyo ilikuwa na kona moja ndefu inayozunguka kilima taratibu kama mtu anayezunguka neno. Stoo ilikuwa na kona nne, zote za ghafla. Akazificha ndani ya mahandaki. Milima aliiumba kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi ya unga, na mende wakaula mmoja karibu nusu kabla hajapata dawa. Vichaka vilikuwa sifongo la kuoshea vyombo lililokatwakatwa na kupakwa kijani. Udongo ulikuwa majani ya chai yaliyokwishachemshwa na kuanikwa, hivyo mvua zilipokuja stoo nzima ilinukia kifungua kinywa. Tangi la maji la stesheni lilikuwa kopo la rangi ya viatu. Kila alichokumbuka kilitaka nafasi, na kila mara ilibidi kitu kiachwe. Aliacha stesheni mbili. Alifupisha daraja. Binti alimletea behewa dogo lenye kibaraza nyuma, alilolipata kwa muuzaji yuleyule, na baba akasema treni itakuwa ndefu mno, kichwa kitatoka handakini kabla mkia haujaingia. Behewa likawekwa kwenye droo ya uzi. Nafasi haitoshi, alisema. Lilikuwa jibu la kweli, kama majibu yake yote.

Lakini ishara hakuacha hata moja. Alizichonga kwa bati la kopo la maziwa, mikono midogo juu ya nguzo za vijiti, akaipaka rangi kwa unywele wa brashi ya mke: upande mmoja nyekundu yenye mstari mweupe, upande wa pili nyeupe yenye mstari mweusi. Akazipanda moja moja kando ya reli, akikaa kwenye kigoda, akifumba macho kwanza ili aione njia, kisha akifumbua.

Ndipo binti alipopata mchumba, na mchumba akawa na baba, na baba akawa dereva mstaafu wa treni. Wa treni za njia nyingine, mbali, lakini dereva hasa, wa kukaa mbele.

Nyumba nzima ilishangilia. Mke aliwatangazia majirani kwamba chuma kimepata chuma. Gadi alianza kuumwa mgongo, ugonjwa ambao kabla ya hapo aliusikia kwa wengine, akapendekeza wakwe waje mwezi mwingine. Walikuja siku ileile iliyopangwa: mkwe, mtu wa kitambi na sauti ya kushindana na injini, mkewe mcheshi, na kijana wao mkimya. Salamu zilikwenda vizuri. Chai ilikwenda vizuri. Kisha binti akasema wageni hawawezi kuondoka bila kuiona reli ya baba.

Baba alisema stoo ina vumbi. Binti akasema amefagia asubuhi. Baba alisema betri zimekufa. Binti alikuwa amenunua mpya, zilikuwa mkobani mwake, akazionyesha.

Chumba hakikuweza kubeba zaidi ya watu wawili na aibu ya mmoja. Gadi alitangulia. Mkwe aliinama, akakwama kwa kitambi, akasukumwa kwa adabu na mwanawe, akanyooka upande wa pili akihema kama kile kichwa cha treni alichokuwa akikiendesha. Binti alibaki kizingitini, viwiko juu ya ubao, kichwa kimechomoza kwenye pazia la maua. Wengine walikuwa nyuma yake wakisikiliza.

Mkwe alitazama huku na huku kwa furaha. Akagusa tangi. Akanusa udongo, akacheka. Akauliza kama anaweza kuiwasha mwenyewe, akaiwasha. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna mgeni mwingine aliyewahi kukifanya: aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na reli, akaitazama njia kama inavyotazamwa na aliye mbele.

"Hizi ishara umezichonga mwenyewe, mkwe?"

"Mwenyewe."

"Kazi safi." Alikaa vilevile, jicho moja limefumbwa. "Mbona zote zinanipa mgongo?"

Ishara ya reli ina uso na ina mgongo. Uso ni mwekundu na humtazama dereva anayekuja, kwa sababu ndiye anayetakiwa kusimama. Mgongo ni mweupe wenye mstari mweusi, na hakuna anayetakiwa kuufuata. Dereva anaweza kufanya kazi hadi uzeeni asiutie akilini. Wa kuutia akilini ni mmoja tu, yule anayesimama kwenye kibaraza cha mwisho akitazama njia inavyobaki nyuma. Kwake yeye kila ishara ni nyeupe yenye mstari mweusi, na inapungua. Gadi alikuwa amefumba macho akaiona njia yake, kisha akaipanda kama alivyoiona. Treni nzima ilikuwa ikizunguka stoo ikikutana na migongo.

"Mgongo vipi?" aliuliza binti pale kizingitini.

Mkwe alijinyoosha taratibu. Alimtazama mwenzake usoni. "Kwani wewe, mkwe, ulikuwa unakaa..." Akakatisha. Treni iliguguna handakini. Gadi alitazama kopo la rangi ya viatu kana kwamba ndilo litakalojibu.

"Ni nafasi tu, mwanangu," mkwe alimwambia binti. "Chumba kidogo, mtu unageuza unachoweza kugeuza." Kisha akampiga Gadi bega, kwa upole, kama anavyopigwa mgonjwa. "Hongera sana, dereva mwenzangu."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha mwema hasemi. Ila maiti naye ana faida moja, hajui kwamba ameoshwa. Gadi alijua. Maisha yake yote hakuwahi kusema uongo, na sasa amesemewa, na mgeni, ndani ya stoo yake mwenyewe.

Mezani mambo yalizidi kuwa mabaya kwa sababu mkwe alizidi kuwa mwema. Kila mazungumzo yalipoelekea kwenye treni aliyageuza, akauliza habari za mabati na paa, akasifu mishono ya mapazia, kama mtu anayemzungusha kipofu pembeni ya shimo. Mkewe, asiyejua lolote, alirudi palepale. Alisema wajukuu wa madereva wawili hawatalia kama watoto wengine, watapiga honi. Watu wakacheka. Gadi aliona jinsi mkwe alivyocheka: nusu, na macho kwenye sahani.

Akasimama. Wote wakadhani ni hotuba.

"Wakwe zangu, nina neno. Mimi sikuwahi kuendesha treni. Nilikuwa gadi. Nilikaa behewa la mwisho, nikitazama nyuma. Basi."

Akaketi. Masikio yalimwaka. Alikuwa amelibeba neno hilo tangu kabla ya kuoa, na sasa lilikuwa mezani, katikati ya mchuzi na glasi za maji, kila mtu analiona.

Mke wa mkwe ndiye aliyeanza. Aliweka mkono kifuani. "Jamani. Mnaona watu wenye malezi? Hataki kumshinda mwenzake mbele ya mkewe."

Mke wa Gadi alikuwa amechanua uso mzima. "Ndivyo alivyo huyu. Tangu posa. Baba yangu alimuuliza kama ndiye anayeendesha, akajibu kwa mafumbo. Hajawahi hata siku moja kujisifu."

"Nasema kweli," alisema Gadi.

"Tunajua, baba," alisema mke, akamwongezea nyama.

Gadi alimgeukia mkwe, shahidi pekee aliyekuwa naye duniani. Mkwe alifuta midomo. Alikuwa mtu wa haki, akasema alichoweza kukisema bila kumvua mtu nguo: kwamba gadi ndiye mkubwa wa treni, kanuni zinatamka hivyo, na kwamba yeye dereva miaka yote aliondoka pale tu gadi aliposema ondoka. Meza ililipuka kwa kicheko cha furaha. Waungwana wawili, kila mmoja anamsogezea mwenzake kiti. Mchumba mkimya alisema hapo ndipo alipojua ameoa mahali pazuri, ingawa alikuwa bado hajaoa.

Binti peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama kitambaa cha meza.

Wageni walisindikizwa hadi barabarani. Kabla ya kupanda gari mkwe alimshika Gadi mkono, hakuuachia mara moja, akamwambia kwa sauti ambayo kwa mtu kama yeye ilikuwa ya chini kwamba amekuwa akijaribu, tangu walipoketi mezani, kukumbuka jina la gadi wake hata mmoja. Hakulipata. Wengine alifanya nao kazi muda mrefu. Alikuwa akikumbuka mkono unaopunga kwa mbali, basi. Alisema samahani. Gadi akamwambia si neno.

Mama alitangulia kurudi, akiimba. Baba na binti walifuata nyuma polepole kwa sababu ya ule mgongo, ambao sasa ulikuwa unauma kweli.

"Baba," alisema binti. "Pale getini, shuleni. Nani alikuwa ananipungia mkono?"

"Dereva."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma kabisa. Nikifika, unakuwa umeshageuka."

Walipita duka la dawa, kinyozi, kibanda cha kuchajia simu. Mwenye kibanda akaita, Dereva, hujambo, na baba akainua mkono, kwa mazoea. Binti aliungoja ushuke.

"Ungeniambia," alisema. "Ningesubiri."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Gadi angepata mahali pa kujitetea. Kanuni zingemsaidia, au mama yake marehemu. Alitafuta jibu la kweli, kwa kuwa majibu hayo ndiyo aliyoyazoea, akapata moja tu: kwamba mabehewa yalikuwa mengi na jua lilikuwa kali. Hakulitoa. Binti akamshika kiwiko pale penye mtaro, wakavuka.

Arusi imeshapita. Mshereheshaji alizitambulisha familia mbili za madereva, akawaomba wazee wasimame wapunge mkono, wakasimama, wakapunga. Binti alikuwa amemkatalia maneno hayo mara mbili, lakini kipaza sauti kilikuwa chake. Mtaani jina halijabadilika. Gadi amejaribu kulisahihisha kwa kinyozi na kwa muuza mkaa, nao wamekwenda kusimulia kwamba Dereva siku hizi amekuwa mnyenyekevu mno, huenda ni uzee.

Ishara hazijageuzwa. Mkwe alijitolea kusaidia, akaambiwa ziache, ndivyo zilivyokuwa. Siku hizi huja mwisho wa juma, peke yake, na wawili hao hujichimbia stoo mpaka chai ipoe, wasiongee sana. Kitambi kimepungua na ameshaujua ule ubao. Huupita kama kijana. Gadi, kwa mgongo wake, huchukua muda. Jumapili iliyopita alipomaliza kuinama na kunyooka upande wa pili, treni ilikuwa imeshaondoka.